Kona ya Juu, Mkono wa Kulia

Kabla sijaona picha yoyote ukutani, nilinusa blanketi. Ukumbi wa kanisa letu pale Musoma ulikuwa na madirisha makubwa yasiyo na mapazia, na maonyesho yalifanyika mchana baada ya ibada, kwa sababu wanachama wa klabu ya picha waliotoka Bunda walitaka kufika makwao jua likiwa bado lipo. Kwa hiyo kila mwanachama alikuja na blanketi la nyumbani kwake kuziba dirisha moja. La mtu wa Bukima lilinuka moshi na dagaa, la muuguzi lilinuka dawa ya kusafishia sakafu ya hospitali, na letu, nasema bila haya, lilinuka mkojo wa mdogo wangu ingawa Mama alikuwa amelianika siku mbili. Projekta ikiwashwa humo gizani, balbu yake ilichoma vumbi lililokuwa limetua juu yake, na harufu hizo zote zikachanganyika zikawa kitu kimoja. Hadi leo nikikinusa mahali, sijui kwa nini, nanyoosha mgongo kama mtu anayesubiri kupewa alama.

Yalikuwa mashindano ya picha za slaidi. Vijana hawazijui, na siwalaumu. Slaidi ilikuwa picha yenye rangi zake kamili, ndogo kama stempu ya barua, imebaki kwenye kipande cha filamu badala ya kuchapwa kwenye karatasi. Ukiitazama kwa macho unaona doa tu. Ukiiweka ndani ya projekta, doa hilo linajaza ukuta mzima, na mbuzi aliyepigwa picha Bukima anakuwa mkubwa kuliko ng'ombe. Wanachama walijiita wapiga picha wa ridhaa, na neno hilo walilishikilia sana. Mwenye studio hakuruhusiwa kuingia, wala anayepiga picha za harusi kwa malipo. Walikuwa walimu, muuguzi mmoja, makarani wawili watatu, na Baba yangu, aliyefanya kazi kwenye pampu za maji mjini. Kamera yake aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Watu wazima hao, wenye wake na waume na watoto wa kulisha, waliweza kununiana mwezi mzima kwa sababu ya kivuli. Nami niliwapenda wote.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tatu, na mashindano yalipangwa yafanyike mara tatu: Musoma wakati wa mvua za masika, Bunda wakati wa pamba, na mwisho Butiama kabla ya Krismasi. Alama zingejumlishwa. Mshindi angepata boksi la filamu mpya, na slaidi zake zingepelekwa kuonyeshwa Mwanza. Baba hakuwa mtu wa kusema anataka kitu, lakini mwaka huo alikitaka hiki mpaka Mama akawa anamtania kwamba amepata mke wa pili, tena mweusi, mwenye jicho moja.

Sasa niseme habari ya mkono wangu, maana bila huo hakuna hadithi. Mimi ni mashoto. Kushika kijiko, kurusha jiwe, kuandika, kumega ugali, vyote mkono wa kushoto hujitokeza wenyewe kabla sijauita. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alinichapa kidogo akachoka. Mama alijaribu naye akachoka. Asiyechoka alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyeishi Bukima kando ya ziwa. Kila likizo tulipokwenda kwake, wakati wa kula alichana kipande cha kanga kuukuu akaufunga mkono wangu wa kushoto nyuma ya mgongo, akaketi mbele yangu kunitazama nikihangaika na huo mwingine. Mchuzi ulinitiririka mpaka kiwikoni. "Mkono huo ni wa chooni," alikuwa akisema. "Mgeni ukimpa kitu na huo, umemtukana yeye na ukoo wake." Hakunipiga, na hakuwa na ukali mwingine wowote. Aliniogesha, alinisuka, alinifichia samaki mwenye mayai. Lakini kwa mkono huo hakuwa na utani hata chembe.

Mwaka huo ulipoanza, Bibi alikuja mjini akaniona nikila. Alimgeukia Baba akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, kwamba ikifika Krismasi kama bado nakula na mkono huo, atanichukua nikaishi naye Bukima, darasa la nne nitasomea huko, na mkono atanifunga yeye mwenyewe asubuhi, mchana na jioni mpaka ninyooke. Baba alisema, "Sawa, Mama." Kwetu mtu mzima na ndevu zake humjibu mama yake hivyo, halafu ndipo anaanza kufikiri. Bukima niliipenda kwa likizo. Kuishi huko na mkono uliofungwa, mbali na Mama na mbali na meza ya Baba ya slaidi, lilikuwa jambo lililonikosesha usingizi. Basi nikawa mwongo. Mbele ya Bibi nilikula kwa mkono wa kulia taratibu kama mgonjwa, nikisema nimeacha kabisa. Akiondoka tu, ule wangu unarudi kazini. Mama aliona, akanyamaza. Baba hakuona, kwa kuwa mezani alikuwa akitazama fremu zake na si sahani.

Kazi yangu kwenye meza hiyo ilikuwa kukata kona. Filamu zilipelekwa Nairobi kwa posta, zikarudi baada ya wiki nyingi zikiwa utepe mmoja mrefu. Baba alizikata kwa wembe na kuzitia kwenye fremu za karatasi ngumu alizotengeneza mwenyewe. Sasa projekta ni chombo cha ajabu: unailisha picha ikiwa kichwa chini, yenyewe inaisimamisha ukutani. Ili mwendeshaji asibabaike gizani, klabu ilikuwa na kanuni kwamba kila fremu ikatwe kona moja, na yeye ahakikishe kona hiyo iko penye kidole gumba chake anapoitumbukiza. Baba alinifundisha mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka. "Igeuze picha kichwa chini," akasema, "halafu kata kona ya juu, mkono wa kulia. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Wakati huohuo akaitwa kazini, pampu imekufa.

Niliachwa na mkasi na rundo la fremu, na nilikuwa nimeelewa kweli, kwa jinsi yangu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Neno lenyewe linasema! Bibi mwenyewe alinifundisha hivyo: "Huu ndio mkono wa kulia, mkono wa kula nao." Wangu wa kula nao nilikuwa naujua vizuri sana, ulikuwa umeshika mkasi. Shuleni tukiamriwa "kulia, geuka" niligeuka kwa kumwiga mwenzangu wa mbele, sikuwahi kufikiri sana. Nikakata kona ya juu, upande wa mkono wangu wa kulia, fremu baada ya fremu, kwa uangalifu mkubwa. Baba aliporudi jioni akazipanga mezani, akaona zote zimekatwa upande mmoja, hakuna hata moja iliyopishana na nyingine. Akanishika kichwa. Tangu siku hiyo kona zikawa zangu.

Kwa hiyo mwaka ule picha zote za Baba zilionyeshwa kinyume, na dunia ikaendelea. Kona ikiwa upande usio wake, ilimlazimu mwendeshaji kuigeuza fremu mgongo uwe mbele ndipo kona ifike penye kidole gumba chake. Picha ikasimama wima vizuri, ila kilichokuwa huku kikahamia kule, kama unavyojiona kwenye kioo. Musoma zilionyeshwa picha za mitumbwi ya Bukima na jiwe kubwa la ufukweni. Mzee mmoja mvuvi, aliyefuata tu watu ukumbini, akapaza sauti gizani: "Mbona jiwe letu limehamia ng'ambo?" Watu wakacheka sana. Baba naye akacheka, akakuna kichwa, akasema ukutani kila kitu huonekana kigeni. Bunda alionyesha malundo ya pamba, na pamba haina kulia wala kushoto. Mwamuzi, mwalimu wa sanaa aliyetoka Mwanza, aliisifu mpaka masikio ya Baba yakawa mekundu, na kwa mtu mweusi kama Baba hiyo si kazi ndogo. Tukarudi Musoma Baba akiwa anaongoza kwa alama chache.

Picha ya Butiama aliipiga likizo ya mwezi wa nane. Bibi alikuwa hataki kabisa kupigwa picha. Alisema amefika umri huu bila sura yake kukaa mfukoni mwa mtu ikitazamwa, kwa nini aanze sasa. Baba akaacha kumwomba, akawa anakaa tu uani na kamera mapajani kana kwamba ni redio mbovu. Siku ya nne katekista alipita kuja kusalimu, amechoka na jua, na Bibi akatoka jikoni na kata ya togwa. Aliinama kidogo kama heshima inavyotaka, akaitoa kata kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukashikilia kiwiko cha wa kulia. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni nyuma yake, na jua lilikuwa limemwangukia usoni na kwenye togwa. Baba alibonyeza mara moja tu. Bibi aligeuka akasema, "We mtoto, umeniiba," lakini alikuwa anacheka, na baadaye nilimsikia akiuliza kama kilemba kilikaa sawa.

Iliporudi kutoka Nairobi, Baba aliishika dirishani muda mrefu. Kisha akanipa nikate kona. Halafu akamtumia Bibi habari kwamba ataonekana ukutani mkubwa kama nyumba, tena Butiama, na Butiama ndiko alikozaliwa. Kaka zake bado walikuwa huko. Bibi aliyesema hataki kutazamwa alifika Musoma siku mbili kabla, amebeba gauni lake la kanisani ndani ya mfuko wa nailoni, limenyooshwa na kukunjwa kama barua. Usiku huo nilikula mbele yake kwa mkono wa kulia. Akanitazama, akasema, "Sasa umekuwa mtu."

Ukumbi wa Butiama ulikuwa darasa la shule, na blanketi zilezile zilikuwa madirishani. Bibi alipewa kiti cha mbele chenye mikono, kaka zake wawili pembeni yake, na nyuma yao ndugu na majirani ambao nina hakika hawakuwahi kujali upigaji picha maisha yao yote. Projekta iliendeshwa na Mwalimu Mafuru, mzee mwembamba, rafiki wa Baba wa miaka mingi, aliyeifunga projekta hiyo kwenye baiskeli na kuisafirisha kama mgonjwa. Alikuwa na kidole gumba kipana, na alijivunia kwamba hajawahi kuonyesha slaidi ya mtu vibaya. Mimi nilikaa kwenye mkeka na watoto, karibu na miguu ya Bibi.

Slaidi ya Bibi ikaingia. Nilisikia watu wakivuta pumzi, maana ilikuwa nzuri jamani, moshi ule, jua lile, uso wa Bibi mkubwa na mpole na kila mkunjo wake umewekwa wazi. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa kupayuka, ila chumba kizima kilisikia: "Alaa! Anampa katekista togwa na mkono wa kushoto." Minong'ono ikaanza. Mtu akacheka, akanyamazishwa. Kaka mkubwa wa Bibi akamgeukia dada yake, akageukia ukuta, akamgeukia tena. Nilimwona Bibi akiuinua mkono wake wa kulia kutoka kwenye kiti, akautazama, kana kwamba anauuliza siku ile ulikuwa wapi.

Baba alisimama. Akasema kwa upole kwamba picha imewekwa kinyume, mama yake hajawahi kumpa mtu kitu hivyo, na Mwalimu Mafuru aigeuze. Mwalimu Mafuru akaitoa fremu, akaishika mbele ya mwanga, akasema, "Mimi nimefuata kona. Kona iko hapa penye kidole." Mwamuzi akaingilia kati na kuwakumbusha kanuni: ikiwa kosa ni la mwendeshaji, picha inarudiwa na kupewa alama, ikiwa kona imekatwa vibaya, kosa ni la mwenye picha, na picha inatolewa. Aliuliza ni lipi kati ya hayo, kabla hajaandika kitu. Baba akasema, na sauti yake naisikia mpaka sasa, "Kona zote amekata binti yangu. Na binti yangu hakosei. Mafuru, umezeeka, kubali tu." Watu wakamtazama Mwalimu Mafuru. Yule mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati lake, akaivaa, akaitazama tena ile kona. Alianza kujishuku. Niliona kabisa anaanza kuamini kwamba kidole chake kimemdanganya.

Hapo ndipo maneno ya Baba ya mwanzo wa mwaka yalinirudia, kona ya juu, mkono wa kulia, na nikajiangalia mikono yangu pale kwenye mkeka. Mungu wangu. Nilielewa yote kwa mkupuo: jiwe la Bukima, "kulia, geuka," kila kitu. Nikaelewa pia itakavyokuwa. Nikinyamaza, picha inarudiwa, Baba anashinda, na Mwalimu Mafuru anaondoka Butiama akiwa mzee asiyefaa. Nikisema, picha ya Baba inatolewa, tena mbele ya watu wote aliowaambia sikosei. Na nitaulizwa, ulikosaje kitu rahisi namna hiyo? Jibu lake ni moja tu, kwamba mkono wa kulia kwangu ni huu, kwa sababu ndio ninaolia chakula, hata leo asubuhi. Bibi alikuwa nusu hatua kutoka nilipokaa. Krismasi ilikuwa wiki mbili mbele. Nilitamani sana kunyamaza, sitadanganya. Nilihesabu vifungo vya gauni la Bibi kuanzia chini kwenda juu nikiomba mtu mwingine aseme kitu, chochote. Hakuna aliyesema.

Nikanyoosha mkono kama tulivyofundishwa darasani. Nilipoutazama juu ya kichwa changu, kwenye mwanga wa projekta, ulikuwa wa kushoto.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikata mkono ninaolia." Mwamuzi hakunielewa, akaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii kwa kirefu na kwa machozi: kwamba Baba alisema mkono wa kulia, na mimi nakula na huu, na sikuacha, nilikuwa namdanganya Bibi, na Mwalimu Mafuru hajakosea hata mara moja mwaka mzima. Kwa Kiswahili chetu kulia ni upande, kulia ni kutumia mkono kwa chakula, na kulia ni machozi, na mimi siku hiyo niliyamaliza yote matatu mbele ya ukoo wa Bibi.

Mwamuzi akasema kanuni ni kanuni, picha imetolewa. Alisema hivyo kwa huzuni, na ninadhani alikuwa mkweli. Ushindi ukaenda kwa muuguzi wa Bunda, na picha yake ya watoto wakikimbia mvua. Ilikuwa nzuri, sina kinyongo nayo. Baba alibaki amesimama kidogo. Hakunitazama. Alitembea hadi kwenye projekta, akampa Mwalimu Mafuru mikono yote miwili, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Mzee akasema, "Hebu tuione sawasawa basi, hata kama haina alama." Akaigeuza fremu, na Bibi akawa ukutani akitoa togwa kwa mkono wa kulia, kama siku ile uani. Watu wakapiga makofi. Kaka zake wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilidhani hapo yameisha, imebaki Bukima tu.

Lakini Bibi alisema, "Rudisha ile ya kwanza." Baba akamwinamia akimwambia ile ilikuwa mbovu, Mama, ile ilikuwa kosa. "Nimesikia," akasema Bibi. "Rudisha hiyohiyo mbovu." Ikarudishwa. Bibi akainuka kitini, akasogea karibu na ukuta mpaka kivuli cha kilemba chake kikaingia kwenye picha, akaitazama muda mrefu sana. Uso wako ukigeuzwa, mwenyewe unakuwa mtu mwingine kidogo, mtu wa damu yako lakini si wewe. "Huyu siyo mimi," akasema. "Huyu ni dada yetu." Kaka yake mkubwa akasema kwa sauti ndogo jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Bibi hakugeuka. "Alikuwaga hivi hivi," akasema. "Anampa mtu kitu na huo mkono, anacheka. Mama akaniambia mimi nimfunge. Mimi ndiye nilikuwaga namfunga kamba, kila siku, mpaka akanyooka." Akaugusa mkono ule pale ukutani. "Alinyooka, ila kucheka hakucheka tena. Akaolewa, akafa, hajacheka." Mwalimu Mafuru hakujua afanye nini, akaiacha picha hapohapo mpaka fremu ikaanza kunuka joto.

Baadaye tulikula kwa kaka yake Bibi, kwenye mikeka: ugali wa mtama, sato wa kukaanga aliyetoka nasi Musoma, na kisamvu. Mimi nilinawa nikaketi mbali kidogo, nikanyoosha mkono wa kulia kwa adabu zote. Tonge likaangukia mapajani. Nikasikia, "Wewe. Njoo hapa." Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Bibi. Alikuwa na kipande cha kanga kiunoni. Nilikiona, na nikaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo mwenyewe ili asipate shida ya kuutafuta. Bibi akauvuta mbele. Akamega ugali, akachovya, akaliweka tonge kwenye kiganja hicho, akanifunga vidole kwa mkono wake. "Kula na mkono wako," akasema. Nilipokuwa natafuna, akaugusa ule mwingine. "Ila mgeni utampa na huu. Hapo sikuachii." Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Tonge hilo nililimeza na machozi, na nilicheka pia, sijui kwa nini, na yeye akanitazama nikicheka kama mtu anayesikiliza kama mlango unabishwa.

Bukima niliendelea kwenda kwa likizo, na kanga haikuchanwa tena. Baba hakunikemea. Siku tatu nne alikuwa mzito, nikaogopa kusogea mezani. Siku ya tano akaniita, akaniwekea mkasi na fremu, akakaa akifikiri jinsi ya kusema. Mwishowe akasema, "Kona ya juu, upande wa ziwani." Meza yetu ilikuwa haihami, dirisha moja lilitazama ziwa na jingine barabara, na tangu siku hiyo mpaka filamu za slaidi zilipotoweka madukani, Baba hakutaja tena kulia wala kushoto mbele yangu. Hakuwahi kushinda. Alishika nafasi ya pili mara nyingi hadi wakamtania kwa kumwita Nafasi ya Pili.

Siku hizi Musoma kila mtu ana picha. Muuza samaki sokoni anajipiga kwa simu, dereva wa bodaboda anajipiga akisubiri abiria, na kamera ya mbele ya simu inawageuza wote kuwa mashoto na hakuna anayestuka. Ukiingia shuleni utaona watoto wanaandika kwa mkono wanaotaka, na mwalimu anapita zake. Haya ni mazuri, na sitaki kusikia mtu akisema zamani kulikuwa bora. Zamani kulikuwa na kamba. Ninachokikosa ni kimoja. Juzi mjukuu wangu alinipiga picha nikitoka kanisani, akaitazama, akabonyeza, ikatoweka. Nikamuuliza iko wapi. "Nimefuta, Bibi. Ilikuwa mbaya." Mbaya vipi, akashindwa kusema, ilikuwa mbaya tu, na hakuna mtu mwingine duniani atakayeiona, wala atakayelazimika kusimama aseme kosa ni la nani. Nilitaka kumweleza kwamba mkono ninaomshika nao nilipewa na picha mbaya, lakini alikuwa tayari anatafuta mwanga mwingine, na watu walikuwa wanatupita kwenda kula. Nikamwambia tu kwamba siku nyingine asifute kabla sijaona.